Namba ya Mama Simu

Simu ilikaa ndani ya kopo la vifungo juu ya meza ya kukatia, na kila mtu mtaani alijua kwamba inakaa hapo. Zamani ilikaa mfukoni, lakini mwenyewe, fundi cherehani Mama Simu, aliwahi kuikalia akiwa na haraka ya kupiga pindo, kioo kikafanya nyufa kama utando wa buibui. Akaihamishia kwenye kopo. Tangu hapo ikiita, vifungo vyote navyo hutetemeka, na sauti inatoka mpaka barabarani.

"Mama Simu, unaitwa huko!" wapita njia humwambia.

"Siitwi mimi," hujibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Hebu tusikie leo anaitwa nani."

Jina la Mama Simu hakulitafuta. Lilianza pale Bibi wa Mkaa, jirani wa mkono wa kushoto, alipoambiwa zahanati aandike namba ya simu, na yeye simu hakuwa nayo. Akaandika ya fundi wake. Mwezi uliofuata mwingine akafanya hivyohivyo, kisha mwingine. Mtaa ule ulikuwa na wazee wengi ambao watoto wao wamehamia mbali, na simu walizonunuliwa ama zilikufa betri, ama zilifungiwa kabatini zisiibiwe. Wote wakawa na namba moja. Ukimuuliza mzee yeyote kati yao namba yake, angekutajia ya Mama Simu bila kupepesa, kama mtu anayetaja tarehe aliyooa.

Naye hakulalamika, ila alihangaika. Mama Simu ni mtu wa kuhangaika tangu azaliwe. Akisikia honi huhesabu watoto, ijapokuwa watoto wake ni watu wazima. Ujumbe wa mtu ukimfikia, hana raha mpaka umfikie mwenyewe. Kwa kuwa wazee hawapendi shida zao zipigiwe kelele barabarani, alibuni njia yake: kila mmoja alikuwa na ukanda wake wa kitambaa, uliobaki kwenye nguo aliyowahi kumshonea. Wa Bibi wa Mkaa ulikuwa wa zambarau, wa mzee wa kona ulikuwa wa mistari. Ujumbe ukiingia, Mama Simu alikwenda kimyakimya akafunga ukanda kwenye komeo la mlango wa mhusika. Mwenyewe akiuona, alijua kuna habari yake kwenye kopo la vifungo.

Kipande kingine cha kitambaa hichohicho kilibanwa kwa pini kwenye daftari la vipimo. Daftari hilo lilikuwa nene, limevimba kama mkate, kila mteja na ukurasa wake: kifua, kiuno, mabega, mkono, urefu. Alisoma darasa la saba tu, lakini daftari lake halikuwa na kosa. Kosa alilifanya mara moja, miaka mingi nyuma. Wateja wawili walikuwa na jina moja na kiuno kimoja, na gauni la mmoja akamkabidhi mwingine. Yule mwingine alikwenda nalo arusini, mikono imemkaba mpaka akashindwa kupiga makofi. Mama Simu aliona aibu ile kwa mwaka mzima.

Ukanda wa khaki ulikuwa wa Mzee Randa.

Mzee Randa alikuwa seremala, na nyumba yake ilitazamana na kibanda cha Mama Simu. Meza ile ya kukatia ni kazi ya mikono yake. Baba watoto alipofariki, Mama Simu alibaki na cherehani na watoto watatu, akawa anakata vitambaa sakafuni, magoti yamevimba. Mzee Randa alipita, akasimama mlangoni, akamtazama, akaenda zake. Siku ya tatu alirudi na meza kichwani.

"Nikupe nini sasa, mzee?" Mama Simu alimuuliza siku ile, machozi yakimlenga.

"Nishonee suruali mpaka mmoja wetu achoke."

Hakuna aliyechoka. Lakini miaka miwili iliyopita macho yalianza kumwingia ukungu. Mtoto wa jicho, walimwambia, yote mawili. Kwanza alipoteza mstari wa penseli kwenye mbao, akaanza kuuchora kwa mkaa. Kisha mkaa nao ukapotea. Sasa alipiga randa kwa kupapasa, kiganja kinatangulia, chuma kinafuata, na Mama Simu kila aliposikia ile sauti ya *shraa, shraa* ng'ambo ya barabara alishika roho yake mkononi. Majuma mawili nyuma chuma kilikuwa kimemwahi kidole gumba. Alikuja amekifunga kwa kitambaa cha msasa.

"Acha kwanza hiyo kazi, mzee wangu," Mama Simu alimsihi akimsafisha kidonda.

"Niache nifanye nini? Nikae barazani nihesabu viatu vinavyopita? Hata hivyo siwezi kuvihesabu." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wale madaktari wa macho wanakuja mwezi huu. Nimejiandikisha. Nimejiandikisha vizuri kabisa, usiwe na wasiwasi. Ujumbe utakuja kwako."

Madaktari hao walikuja mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu, wakapasua macho bure kwenye hospitali kubwa. Aliyekuwa kwenye orodha alipasuliwa. Asiyekuwamo alisubiri mwaka mwingine, na Mzee Randa, kwa jinsi alivyokuwa akipiga randa, Mama Simu hakuona kama atafika mwaka mwingine na vidole vyote.

Orodha ilitengenezwa zahanati. Na aliyeitengeneza alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Huyu alikuwa wa mwisho kuzaliwa, nyumbani wakimwita Kitinda. Alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, akapata kibarua cha miezi sita zahanati: kuzichukua fomu za karatasi zilizojazwa na wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba, na kuziingiza kwenye kishikwambi, kile kidude bapa cha kioo anachokibeba kama sahani ya mayai. Mama Simu alimpigia pasi gauni la kazi kila asubuhi, na kila asubuhi aliuliza maswali yaleyale: umekula, umebeba mwavuli, mkubwa wako, yule Sista, hakukugombeza?

"Jana kanisifu, mama," Kitinda alisema asubuhi moja, akijitazama kwenye kioo. "Kasema kwa mara ya kwanza orodha ya macho haitakuwa na takataka."

"Takataka gani?"

"Marudio. Mwaka jana mtu mmoja aliandikwa mara mbili, mara tatu. Leo kapita mhudumu huyu, kesho kapita yule, mzee anajaza tu. Orodha ikasema watu mia na arobaini. Madaktari wakaja na lenzi za watu mia na arobaini, wakakuta watu tisini. Sista alitaka ardhi ipasuke immeze."

"Maskini."

"Basi mimi nimeweka kizuizi. Kisanduku cha kwanza kwenye fomu ni namba ya simu. Ukiandika namba ambayo tayari imo, fomu inagoma. Inaandika kwa wekundu, *Namba hii imeshasajiliwa*. Huendi mbele hata herufi moja. Namba moja, mtu mmoja. Nimeifikiria mwenyewe!"

"Hongera, mwanangu," Mama Simu alisema, na alimaanisha. Lakini pasi ilisimama juu ya kola. Kitu kilimkuna ndani, kama pini iliyosahaulika kwenye pindo, usiyoiona ila inakuchoma ukigeuka. Akataka kusema. Kisha harufu ya kitambaa kuungua ikamfikia puani, wakaanza kupigana na kola, na mtoto akaondoka mbio.

Siku ya Jumatano, kopo la vifungo lililia. Ujumbe kutoka zahanati: *Ndugu, umechaguliwa kupasuliwa jicho. Fika Jumatatu saa mbili asubuhi.* Chini yake, jina la Bibi wa Mkaa.

Mama Simu alifunga ukanda wa zambarau kwenye komeo la jirani, akarudi kukaa karibu na kopo. Wazee walioandikwa kwa namba yake kwa ajili ya macho aliwajua vizuri, maana kila mmoja alimwambia: walikuwa kumi. Zingekuja jumbe tisa nyingine. Akapanga kanda tisa mezani, ya khaki ikiwa ya kwanza.

Jumatano ikapita. Alhamisi kopo lililia mara mbili. Ya kwanza alikuwa binti yake mkubwa akiuliza kama maharage yanatiwa chumvi mwanzo au mwisho. Ya pili ilikuwa kampuni ya simu ikimpongeza kwa kuwa mteja mwema.

Jioni Mzee Randa alivuka barabara, fimbo ikigonga mbele.

"Mlangoni kwangu hakuna kitu," alisema. "Nimepapasa komeo mpaka limeng'aa."

"Bado, mzee. Mtandao siku hizi unachelewa."

"Bibi wa Mkaa wake haukuchelewa. Kanikejeli huyo! Eti, 'Jumatatu nitakuona vizuri, nijue kama kweli ulikuwa na sura.'"

"Mpuuze."

"Simpuuzi. Nataka na mimi nimwone, nijue kama kweli alistahili kuringa."

Wakacheka wote wawili. Lakini alipogeuka kuondoka aligonga kiti ambacho kimekaa mahali palepale miaka kumi, akakipapasa mgongoni kama mtu anayemwomba radhi mtoto. Kilikuwa kiti alichokiunda yeye. Na hapo ndipo ile pini ya asubuhi ile ikamchoma Mama Simu wazi. *Namba moja, mtu mmoja.*

Kitinda alipoingia, mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Nitajie namba yangu ya simu."

"Nini tena, mama?"

"Namba yangu. Nitajie."

"Iko kwenye simu." Kitinda akatoa simu yake. "Imeandikwa Mama."

"Sikuulizi imeandikwa nini. Itaje kwa mdomo."

Kitinda akafungua mdomo. "Sifuri..." alisema, kisha akaishia hapohapo. Alijua namba ya ofisi, namba ya mwajiri, hata namba ya rafiki yake aliyemnunia. Ya mama yake hakuwahi kuibonyeza hata mara moja, kwa maana tangu ashike simu, namba hiyo ilikuwa jina tu.

Mama Simu akaitaja yeye, polepole, tarakimu moja moja. Ilipofika katikati, mtoto alianza kubadilika uso.

"Hiyo namba naijua," Kitinda alisema kwa sauti ndogo. "Imenigomea mara kumi. Nilijua ni mtu mmoja king'ang'anizi. Mama, mimi na Sista tumemcheka! Tumempa na jina, Bwana Marudio."

"Na fomu zake ziko wapi?"

"Kwenye boksi. Chini ya meza. Sikusoma hata majina, kwa sababu kisanduku cha kwanza kikigoma..." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Orodha inakwenda hospitali kubwa kesho saa sita mchana, mama."

Mama Simu alitaka kugombeza. Maneno aliyapanga yote, yakafika kwenye meno. Lakini alimtazama mtoto aliyekaa pale na gauni lenye kola aliyoiunguza yeye mwenyewe, akayameza.

"Umeshakula?" akauliza.

Ijumaa asubuhi walifuatana. Mama Simu alibeba daftari la vipimo kwapani na simu pochini. Njiani alipanga jinsi ya kuingia asimwaibishe mtoto mbele ya mkubwa wake: angejifanya amekuja kupima presha, angemnong'oneza Kitinda, mambo yangeisha chinichini. Kazi yenyewe ni ya miezi sita, na Mama Simu alishaota mara tatu mtoto amefukuzwa.

Mpango ulidumu mpaka mlangoni. Sista alikuwa amesimama humohumo kwenye chumba cha fomu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na Kitinda, bila kuvua hata pochi, alisema, "Sista, Bwana Marudio ni mama yangu."

Sista akavaa miwani. Akamtazama Mama Simu kuanzia juu mpaka chini.

"Karibu, Bwana Marudio."

"Shikamoo," Mama Simu akasema, ingawa Sista alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Ni hofu.

"Wewe ndiye mwenye macho kumi na moja?"

"Macho yangu ni mawili, Sista, na yanaona mpaka uzi. Hao ni majirani zangu. Ni watu kumi, kila mtu na mwili wake."

Kitinda alikuwa ameshalivuta boksi. Akazihesabu fomu juu ya meza. Zilizokataliwa zilikuwa kumi. Ukiongeza ile moja ya Bibi wa Mkaa iliyoingia, kumi na moja.

"Umesema watu kumi," Sista alisema. "Hizi ni fomu kumi na moja. Unaona sasa? Ndiyo maana nilikisifu kizuizi. Nikiziachia zote ziingie, mwaka huu tena nitasimama mbele ya wale madaktari kama mwizi wa lenzi."

"Ni kumi," Mama Simu alisema. Akahesabu mwenyewe kwa kidole alicholamba. Kumi na moja. Akahesabu tena kutoka chini. Akapitia majina, na majina yenyewe yakazidi kumchanganya, kwa maana yalikuwa majina ya kwenye vyeti, marefu na mageni, ambayo mtaani hakuna anayeyatumia. Nusu hakuwajua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

"Sista, naomba nikuulize," Mama Simu akasema. Alipoona hakukatazwa, akafungua daftari juu ya meza, vipande vya vitambaa vikachanua. "Mimi nina wateja mia mbili humu. Wenye kiuno kimoja ni wengi. Nikisema kiuno kimoja, mtu mmoja, nitawavisha watu aibu. Nimeshafanya hivyo, na mikono ya yule dada ilikuwa hivi." Akaonyesha, viwiko vimebana mbavuni, kama kuku aliyefungwa. Sista aliuma mdomo asicheke. "Sasa kabla sijasema huyu ndiye yule, naangalia vipimo vitatu. Vikilingana vyote, ni yeye. Vikilingana viwili, sikatai wala sikubali. Namwita mwenye mwili, namtazama. Kimoja kikilingana peke yake, ni bahati tu."

Kitinda alikuwa ameacha kupanga karatasi.

"Na simu," mama yake aliendelea, "simu hata si kipimo. Simu si ya mwili. Ni kama mlango. Watu wangapi wanapita mlango mmoja?"

"Jina kamili," Kitinda alisema polepole, akikivuta kishikwambi. "Mwaka wa kuzaliwa. Jina la mama mzazi. Hivyo vyote vimo kwenye fomu, vipo chini. Mimi niliweka ulinzi kwenye simu kwa sababu simu iko juu." Akamgeukia mkubwa wake. "Sista, naweza kubadilisha. Vitatu vikilingana, fomu igome. Viwili vikilingana, isigome, ila itoe onyo tuangalie karatasi zote mbili kwa macho. Na kwenye simu niongeze swali: ni ya kwako, au ya mtu anayekupokelea?"

"Itachukua muda gani?"

"Nusu saa. Na kuziingiza upya nusu nyingine. Na orodha nzima niipitishe humo, nione kama haikuficha wengine."

Sista alitazama saa, kisha boksi, kisha lile daftari lililovimba.

"Kosa hili nilikusifia," alimwambia Kitinda. "Kwa hiyo ni letu wote. Kaa ufanye kazi. Na wewe, Bwana Marudio, usiondoke. Nikibaki na mtu wa kumi na moja asiyejulikana, utanieleza wewe."

Mama Simu alikaa kwenye benchi akishika mkanda wa pochi kwa mikono miwili. Alimtazama mtoto akigonga kioo kwa vidole viwili, ulimi umetokeza pembeni, vilevile alivyokuwa akijifunza kuandika. Fomu ya kwanza iliingia. Ya pili. Kila moja ilipopita kishikwambi kilitoa mlio mdogo kama wa tone la maji, na Mama Simu akakunja kidole. Ya sita. Ya tisa, ikiwa na jina refu la mtu aliyezaliwa kabla ya wote. Pamoja na Bibi wa Mkaa, vidole vyake kumi vilikuwa vimekunjwa vyote.

Fomu ya mwisho haikulia tone. Ilitoa mlio mzito, na kioo kikawa cha manjano.

"*Angalia*," Kitinda akasoma. "*Huenda mtu huyu yumo tayari. Mwaka wa kuzaliwa unalingana. Jina la mama mzazi linalingana.*" Akaziweka karatasi mbili kando kwa kando. "Majina tofauti. Huyu kaandikwa jina refu. Huyu kaandikwa..." Akainua kichwa. "Mama, huyu kaandikwa Randa."

Sista akazichukua. Akasoma kwa muda, miwani ikiteremka puani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Someni hapa chini," alisema. "Kwenye tatizo. Fomu hii: *jicho la kulia*. Na hii: *jicho la kushoto*."

Kisha Mama Simu alifunika uso kwa mtandio na kucheka mpaka machozi, na kicheko kiliposhuka machozi yakabaki. Nimejiandikisha vizuri kabisa, mzee alimwambia. Vizuri kabisa! Fundi mwenye kazi mbili huandikiwa karatasi mbili, na yeye alikuwa na macho mawili.

"Basi ni watu kumi," Sista alisema akijifuta. "Nimekubali. Bwana Marudio alikuwepo kweli, ila alikuwa mmoja tu." Akaandika kwa kalamu kwenye fomu ya jina refu, *macho yote mawili*, akaipiga ile nyingine muhuri wa kuifuta. "Tuma, binti. Kabla hajaleta ya masikio."

Orodha iliondoka saa tano na dakika arobaini. Kabla hajafika nyumbani, pochi ya Mama Simu ilianza kutetemeka, ikatetemeka mfululizo kama imeshikwa na homa. Alikwenda moja kwa moja kwenye komeo la ng'ambo, akafunga ukanda wa khaki mafundo mawili. Hakuwa amemaliza fundo la pili mlango ukafunguliwa, mkono mkavu wenye vumbi la mbao ukapapasa komeo, ukapapasa ukanda, ukakutana na mkono wake.

"Ni wangu huu?" Mzee Randa aliuliza.

"Ni wako, mzee."

"Mmoja tu? Nilitegemea mbili."

"Hilo tutaligombania kesho," Mama Simu alisema.

Jicho la kulia la Mzee Randa lilipasuliwa Jumatatu. La kushoto daktari alisema lipumzike mpaka mwaka ujao, na jina lake likaachwa kwenye orodha palepale, moja. Alhamisi bandeji ilitolewa, na Ijumaa asubuhi alivuka barabara bila fimbo, akikanyaga taratibu na kutazama kila kitu kana kwamba kimepakwa rangi jana. Alimkuta Mama Simu kwenye cherehani, na Kitinda akikunja kanda, maana tangu Ijumaa ile ya orodha alikuwa akimsaidia mama yake kuzifikisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Kitinda. Kumbe umekua! Mimi nilikuwa nasikia sauti tu nikadhani bado una mapengo." Akamgeukia mama. Alimtazama muda mrefu, Mama Simu akaanza kujirekebisha mtandio. "Na wewe umezeeka."

"Ahsante sana, mzee. Ndiyo hiyo shukrani?"

"Subiri kwanza, bado kuna jambo." Akainua mguu, akauweka juu ya kiti, akanyoosha goti la suruali yake ya khaki. Kwenye goti palikuwa na kiraka kikubwa, kimeshonwa imara, kwa uzi wa bluu. "Hii ni nini?"

Mama Simu alisimamisha cherehani. "Uzi wa khaki uliisha."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na la pili je?" Akageuza mguu mwingine. Uzi wa kijani. "Mimi nimetembea mtaani miaka miwili kama bendera, na Bibi wa Mkaa ananisifu suruali, nami najibu ahsante!"

Kitinda alikuwa ameinama juu ya kanda, hapumui kwa kicheko.

"Ulikuwa hulalamiki," Mama Simu alisema kwa sauti ndogo, lakini mdomo wake nao ulikuwa unamponyoka. "Vua hiyo jioni, nitaitengeneza."

Jicho jipya la Mzee Randa lilikuwa limeshuka kwenye meza ya kukatia, kwenye mguu wa nyuma alioutengeneza upya mwaka uliopita kwa kupapasa. Akachuchumaa. Akalaza shavu karibu na mbao, akafumba jicho lenye ukungu, akaufuata ukingo kwa lile moja, kutoka juu mpaka sakafuni.

"Huu umepinda," alisema. "Mwaka mzima unakatia vitambaa juu ya mguu uliopinda, na wewe hukulalamika."

"Nilitia gazeti chini."

Akalitazama lile gazeti lililokunjwa mara nne, jeusi kwa vumbi. Akalivuta, meza ikayumba, kopo la vifungo likalia.

"Ondoa vitu vyako hapa juu, Mama Simu," alisema, akitoa penseli nyuma ya sikio. "Na simu uishike mkononi. Leo hii meza naenda nayo."